Nguo Ishonwe Ikiwa na Mwenyewe

Leo nataka tuzungumze juu ya nguo, na hasa ile nguo iliyoshonwa ikamalizika, ikapigwa pasi, ikatundikwa dukani, na asipatikane mtu wa kuivaa.

Mwaka 2018 kampuni ya Burberry ya Uingereza ilieleza katika hesabu zake kwamba kwa mwaka mmoja imeteketeza bidhaa zake zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 28. Zilikuwa mpya. Hazikupata mnunuzi, na kampuni haikutaka zishuke bei zikaharibu jina. Mwaka huohuo H&M ya Sweden ilitangaza kuwa ina shehena ya nguo zisizouzwa yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Watu walikasirika, na ilipofika Septemba Burberry ikasema haitachoma tena. Sawa, moto umezimwa. Lakini ilikuwaje nguo nyingi kiasi hicho zikashonwa wakati hazina mwenyewe?

Tusiichukulie nguo kwa wepesi, msikilizaji. Fulana moja tu ya pamba, kwa wastani wa dunia, inakadiriwa kumeza lita 2,700 za maji kuanzia shambani mpaka inapokamilika. Huko Asia ya Kati, kuanzia miaka ya 1960, serikali ya Kisovieti iligeuza maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya ili kunyweshea mashamba ya pamba, na Bahari ya Aral, iliyokuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani, ikakauka sehemu kubwa. Wavuvi walibaki na mashua juu ya mchanga. Kwa hiyo kila nguo inayoshonwa bure, maji yake yamekwenda bure, na dawa za shambani, na umeme wa kiwandani, na rangi iliyomwagwa mtoni, na usingizi wa aliyeishona.

Sasa tuangalie zinavyopatikana hizo nguo zisizo na mwenyewe. Kwa utaratibu wa zamani, ambao makampuni mengi yanaufuata hadi leo, nguo utakayoikuta dukani Desemba ilichorwa mapema mwaka huo, au hata mwaka uliotangulia. Mtu alikaa ofisini Ulaya akabashiri rangi gani itapendwa, akaagiza maelfu kwa maelfu kutoka Asia ili bei ya moja iwe ndogo, kisha akasubiri ishonwe na isafiri baharini. Akibashiri vibaya, mzigo ndio huo umeshafika.

Na ubashiri huo una tabia ya kuvimba. Gauni jekundu limependwa wiki moja dukani. Mwenye duka, asije akaishiwa, anaagiza zaidi kidogo ya alichouza. Msambazaji anaona oda imepanda, naye anaongeza ya akiba yake. Kiwanda cha kushona kinaongeza juu ya hapo, na kiwanda cha kusokota nyuzi kinaongeza tena. Wataalamu wa ugavi wanaiita athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo tu, lakini ncha inaruka mbali. Jay Forrester, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliieleza hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1961. Mzigo unapofika, mvaaji ameshahamia kwenye rangi nyingine.

Dawa ya ugonjwa huo ilitafutwa kusini mwa Ulaya. Nchini Italia, miaka ya 1970, kampuni ya Benetton ilianza kufuma sweta za sufu zikiwa nyeupe, bila rangi, na kuziweka akiba. Habari zikija kutoka madukani kwamba msimu huu watu wanataka buluu, sweta zilezile zinatiwa buluu. Uamuzi mgumu kuliko yote, wa rangi, ulisogezwa mpaka karibu na siku ya kuuza. Ni ufundi mdogo, lakini ulipunguza kubahatisha kwa kiasi kikubwa.

Kisha akaja Amancio Ortega, Mhispania aliyeanza kazi huko Galicia akiwa mvulana wa kutumwa katika duka la nguo. Mwaka 1975 alifungua duka la kwanza la Zara katika mji wa A Coruña. Husimuliwa kwamba kilichomsukuma ni oda kubwa iliyovunjwa na mnunuzi, akabaki na nguo asizojua pa kuzipeleka. Kama ndivyo, basi alijifunza mapema kwamba anayeshona akiwa mbali na mvaaji anashona gizani. Alichojenga baadaye katika kitongoji cha Arteixo ndicho kinachofundishwa leo vyuoni kwa jina la mnyororo mwepesi wa ugavi.

Wepesi huo unakwenda hivi. Vitambaa vingi vinawekwa ghalani kabla ya kutiwa rangi. Nguo inayofuata mtindo haipelekwi kushonwa mbali. Inashonwa hapohapo Hispania, au Ureno, Moroko na Uturuki, ambako lori au meli inafika kwa siku chache. Meneja wa duka anatuma oda mara mbili kwa wiki, na pamoja na oda anatuma maneno ya wateja: kola hii inawakera, urefu huu wanaupenda. Kila nguo ina kitambulisho kidogo kinachosomwa kwa mawimbi ya redio, kwa hiyo inajulikana iko wapi. Mtindo unatolewa kwa vipande vichache kwanza. Ukikubalika, unaongezwa, ukikataliwa, hasara ni ndogo. Kutoka mchoro hadi dukani ni wiki mbili, tatu. Kwa sababu hiyo Zara ilipata sifa ya kubaki na nguo chache za kushushia bei kuliko washindani wake.

Nasema kwa moyo mweupe, msikilizaji: wazo hili ni zuri. Kumsikiliza mvaaji kabla ya kukata kitambaa ni jambo jema kwa biashara na kwa mazingira. Nguo ambayo haikushonwa haikuchafua mto wowote. Angesimama mtu hapa akasema kasi ndiyo adui wa mazingira, ningemwomba afikiri upya, maana ule utaratibu wa polepole wa kubashiri mwaka mzima kabla ndio uliojaza maghala yale ya mwaka 2018.

Basi kasoro iko wapi?

Mwaka 1865 mchumi wa Kiingereza, William Stanley Jevons, aliandika kitabu juu ya makaa ya mawe. Aliona kwamba mashine za mvuke zilipotengenezwa vizuri zaidi, zikatumia makaa machache kwa kazi ileile, Uingereza haikupunguza makaa. Iliongeza, kwa sababu mashine sasa ilikuwa rahisi kuendesha na kila mtu akaitaka. Hicho ndicho kilichotokea katika nguo. Kampuni iliyookoa fedha kwa kutobaki na mzigo haikuziweka kando. Ilifungua maduka mengine, ikaleta mitindo mipya kila wiki, ikamzoesha mteja kwamba asiponunua leo, kesho hataikuta. Taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 nguo zinazotengenezwa duniani ziliongezeka karibu maradufu, na idadi ya mara nguo moja inavyovaliwa kabla ya kutupwa ikashuka kwa zaidi ya thuluthi. Kwa hiyo inayobaki dukani imepungua kwa aliye mwepesi, lakini inayobaki kabatini, imevaliwa mara tatu kisha ikasahauliwa, imezidi.

Halafu wakaja waliokuwa wepesi kuliko wepesi wote. Kampuni ya Shein, iliyojengwa juu ya karakana za kushona za mji wa Guangzhou kule China, huanza mtindo kwa vipande 100 au 200 tu, ikisoma kwenye simu za watu kinachobonyezwa. Kwa hesabu ya ghala peke yake, huwezi kuilaumu: inabaki na nguo chache. Lakini inaweka maelfu ya mitindo mipya kwa siku, na vifurushi vingi vinapanda ndege kumfuata mteja. Tani moja ya mzigo ikisafiri kwa ndege inatoa hewa ukaa mara makumi kuliko ikisafiri kwa meli ya makontena. Ripoti ya kampuni yenyewe ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba zaidi ya thuluthi ya hewa ukaa yake ilitokana na usafirishaji. Zara nayo haijanusurika: shehena zake nyingi hupitia uwanja wa ndege wa Zaragoza kwenda mabara mengine. Wepesi uliozaliwa kwa kushona karibu na mvaaji umegeuka kuwa wepesi wa kumrushia nguo popote alipo.

Na kuna jambo la pili, zito kuliko hilo. Kampuni inaposema imepunguza hasara, tuulize: hasara imekwisha, au imehama?

Ukiagiza vipande vichache na ukabakiza uhuru wa kuongeza au kukata oda dakika ya mwisho, lazima mtu mwingine akae anasubiri. Anayesubiri ni mwenye karakana na wafanyakazi wake. Wiki hii hawana kazi, wiki ijayo wanalala mashineni. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar nje ya Dhaka, Bangladesh, jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Wafanyakazi waliamriwa warudi ndani, kwa sababu oda zilikuwa na tarehe. Viwanda vile vilishonea makampuni mengi, yaliyo mepesi na yaliyo mazito, lakini mbano wa tarehe ni uleule.

Anayetia rangi naye anabeba sehemu yake. Katika mji wa Tirupur, kusini mwa India, ambako fulana nyingi za dunia hutengenezwa, maji ya rangi na chumvi yalimwagwa katika mto Noyyal mpaka wakulima wa upande wa chini wa mto wakashindwa kunyweshea mashamba yao. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru vifungwe viwanda zaidi ya 700 vya kutia rangi mpaka viache kabisa kumwaga maji hayo. Wakulima walikuwa na haki, na wenye viwanda wakajikuta na gharama kubwa ya mitambo ya kusafisha maji. Aliyevaa fulana London au Berlin hakuisikia gharama hiyo kwenye bei.

Na mwisho wa mnyororo, msikilizaji, tupo sisi.

Nenda Gikomba, Nairobi. Nenda Karume, Dar es Salaam. Nenda Owino, Kampala. Mama muuza mitumba ananunua belo lililofungwa, la kilo 45, haoni kilichomo. Analipia kwanza, analifungua baadaye. Kwa wauzaji wa Gikomba, zilizo safi, zinazochaguliwa mwanzo, ndizo kamera. Zinazobaki mwisho, za kutupiwa bei yoyote, ndizo fagia. Nguo ya chapuchapu, iliyoshonwa kwa poliesta nyepesi ili ivaliwe mara chache, haiwi kamera. Imelegea mshono, imetoa vifundo, na fundi wa kupunguza hana la kuifanyia. Nyingine haifai hata kuwa dekio, maana poliesta hainyonyi maji. Inaishia jalalani, au kando ya mto Nairobi, na kwa kuwa poliesta ni zao la mafuta ya petroli, haiozi kama pamba. Inachakaa ikawa nyuzi ndogondogo zinazobebwa na maji.

Tazama sasa safari ya hasara. Kampuni imejifunza kutobahatisha. Haibashiri tena, inasikiliza, inashona kidogo, inauza, inaondoka. Aliyebaki akibahatisha ni yule mama, mwenye mtaji mdogo kuliko wote katika mnyororo mzima, anayenunua belo kwa macho yaliyofumbwa. Likitoka bovu, hana wa kumrudishia. Ndiyo maana nasema hesabu ya wepesi inayokomea mlangoni mwa duka la Ulaya ni hesabu ya nusu.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Tumekwisha kulijaribu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kututoa katika AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ikajitoa, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikasimama peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo ya ushuru. Nawaheshimu Rwanda kwa msimamo wao. Lakini pia najua kwamba mitumba ndiyo inayosomesha watoto wa maelfu ya kina mama, na ndiyo iliyompa mtu wa kipato cha chini shati imara la kuendea kazini. Kufunga soko kabla ya kuwa na nguo zetu ni kumwadhibu aliyekwisha kuadhibiwa.

Njia ninayoitetea ni nyingine. Ule wepesi wenyewe tuuchukue, tuurudishe kwenye kazi yake ya asili, nayo ni kushona nguo iliyokwisha kuwa na mwenyewe.

Nasi si wageni katika hilo. Fundi cherehani wa kibarazani anafanya kazi hiyo kila siku. Unampelekea kitenge, anachukua vipimo, unatoa malipo ya awali, anakata. Hana ghala, hana nguo zisizouzwa. Mabaki ya kitambaa yanakuwa mkoba au foronya. Nguo ikikubana baada ya miaka miwili, anaiachia mshono. Familia ikiwa na harusi, sare inashonwa kwa idadi ya watu waliochanga. Kila kipande kina jina la mtu.

Kinachomkosesha fundi huyu ukamilifu ni kitambaa, ambacho kimetoka mbali sana. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, nyingi yake kwa maji ya mvua, bila kukausha mto wa mtu. Wilayani Meatu wapo wakulima wanaolima pamba ya kilimo hai tangu mwaka 1994. Inachambuliwa vinuni, inafungwa marobota, na sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa bado nyuzi ghafi, kisha inaturudia kama kitambaa. Viwanda tulikuwa navyo. Urafiki ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex. Kenya ilikuwa na Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret. Soko lilipofunguliwa, vikadhoofu au kufungwa. Rivatex ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili ifufuliwe, na ni jambo la kupongezwa.

Lakini kiwanda hakifufuki kwa mashine mpya peke yake. Kinahitaji oda isiyo ya kubahatisha, na oda hiyo tunayo. Kila Januari watoto wanaingia shule, na idadi yao wizara inaijua. Hospitali zinahitaji mashuka. Askari na wauguzi wanavaa sare. Hakuna mwanamitindo wa kuotea hapo: rangi inajulikana, vipimo vinajulikana, mwezi unajulikana. Serikali zetu zikiagiza mapema, kwa mikataba ya miaka kadhaa, kwa kitambaa cha pamba ya nyumbani, na kushona wakapewa mafundi wa wilaya husika, tutakuwa na mnyororo mfupi na mwepesi, na nguo zake zote zitakuwa na wavaaji kabla ya mbegu kupandwa. Kwa sharti moja: mto usiachwe nje ya mkataba. Kiwanda kinachotia rangi kisafishe maji yake, na gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo, tusije tukarudia ya Tirupur.

Hiyo ni kazi yetu. Wenzetu wa Ulaya nao wana yao, na wameianza. Ufaransa imepiga marufuku kuteketeza nguo zisizouzwa kwa sheria ya mwaka 2020. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2024, umeweka Julai 2026 kuwa mwanzo wa marufuku hiyo kwa makampuni makubwa. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja huo zinatakiwa kukusanya nguo chakavu mbali na taka nyingine. Ni hatua njema, ila zina tundu linalotuhusu moja kwa moja. Nguo ambayo hairuhusiwi kuchomwa na hairuhusiwi kutupwa itatafuta njia ya kutokea, na njia hiyo inajulikana inafikia bandari zipi.

Kwa hiyo nasema, fedha ziifuate nguo. Ufaransa, tangu mwaka 2007, huwatoza wauzaji wa nguo mchango wa kugharimia ukusanyaji na uchambuaji wa nguo chakavu. Nguo hizo nyingi zinasafirishwa, lakini mchango unabaki kulekule. Ikiwa fulana inaishia Gikomba, basi sehemu ya mchango wake ifike Gikomba: ijenge mahali pa kuchambulia, ilipe wazoaji, imfidie aliyenunua belo la taka. Kenya imekwisha kuiweka katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022 kanuni kwamba mzalishaji awajibike kwa kitu chake hadi mwisho. Kanuni hiyo isikomee mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki iidai kwa sauti moja, maana mwaka 2018 tuliona nchi inayosimama peke yake inavyofanywa.

Na makampuni yenyewe, kabla hayajatuambia kuhusu wepesi wao, yatangaze namba moja kila mwaka: vipande vingapi yameshona. Namba hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka, maneno mengine yote juu ya mazingira hayana uzito. Ikishuka, tutajua wepesi wao umeanza kuisaidia dunia, nami nitakuwa wa kwanza kuwasifu hapahapa redioni.